Uchambuzi wa kisa: Usiku tuliyoipa kometi kaboni isiyokuwa yake

Kisa hiki, cha jinsi tulivyokosea kupima mwanga wa kometi (nyota yenye mkia), ni chetu wenyewe, sio cha kusimuliwa. Majina ya watu nimeyatoa, kijiji sitakitaja zaidi ya kusema kiko ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asijulikane. Kilichobaki ni jinsi ilivyokuwa, pamoja na sehemu za aibu, ambazo nyingi ni zangu mimi.

Tulikuwa nani na tulikuwa na nini

Tulikuwa wanne. Mpiga picha za harusi na kipaimara, kamera ni yake na yeye ndo aliyekuwa anaishika muda wote. Dada mmoja fundi wa maabara ya sekondari, anayajua mambo ya mwanga kutuzidi wote ila hapendi kubishana. Mwalimu mstaafu wa fizikia, tunamwita Mwalimu basi. Na mimi, kazi yangu kuchakata picha kwenye laptopu tukisharudi mjini.

Vifaa havikuwa vya kutisha. Kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 85, traipodi, na gretingi iliyofungwa mbele ya lenzi, yaani kipande cha kioo chenye mistari 100 kwenye kila milimita moja. Ukipiga nyota kupitia hicho kioo unapata nukta ya nyota kama kawaida, alafu pembeni yake unatokea utepe wa rangi kuanzia zambarau mpaka nyekundu, na huo utepe ndo spektra. Kwetu pikseli moja ilibeba kama nusu nanomita, nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina namba yake. Mashine ya kuifuata nyota hatukuwa nayo, kwa hiyo tuliuweka utepe ukae kaskazini kusini, nyota ikitembea kwenda magharibi inaupanua utepe yenyewe kama brashi pana ya rangi. Ujanja huo alituletea yule dada na mpaka leo ndo kitu ninachokipenda kwenye mradi mzima.

Tulitaka vitu viwili. Cha kwanza kometi C/2023 A3, Tsuchinshan–ATLAS, iliyopita karibu na jua Septemba 27, 2024 na kuwa karibu zaidi na dunia Oktoba 12. Mtaani wote walikuwa wanaiita kimondo, na kila nikisema kimondo ni kitu kinachoanguka kutoka angani, kama kile cha Mbozi, naambiwa najifanya mjuaji, nikaacha. Cha pili ni nyota moja inayobadilika mwanga, Rasalgethi, yaani alfa ya kundi la Hercules. Ni nyota jitu nyekundu, inapanda na kushuka polepole kwa miezi, kati ya ukubwa wa 2.7 na 4 hivi (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi), na ni ya baridi kiasi kwamba kwenye anga yake kuna molekuli za oksidi ya titani. Molekuli hizo zinakula mwanga kwa mafungu, spektra yake inaonekana kama meno ya msumeno. Ukiiona mara moja huisahau.

Kabla ya kuendelea lazima nieleze nyota ya mizani, maana kisa chote kimekaa hapo. Kamera haioni rangi zote sawasawa, na hewa ya juu ya ziwa inakula bluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo spektra mbichi ni ya uongo. Dawa yake ni ileile ya sokoni: huwezi kuamini mizani ya mtu mpaka uweke juu yake jiwe la kilo moja unalolijua. Unapiga nyota ambayo spektra yake halisi inajulikana, unalinganisha na ulichokipata, unapata mkunjo unaoonyesha kamera na hewa vimepindisha kiasi gani, alafu kila kitu kingine cha usiku ule unakigawanya kwa huo mkunjo. Nyota yetu ya mizani ilikuwa Rasalhague, alfa ya kundi la Mbeba Nyoka, nyota nyeupe ya daraja la A, safi, ina mistari ya haidrojeni tu ya kuonekana kwa kifaa kama chetu.

Rasalhague na Rasalgethi. Umeshaona inakoelekea. Ras kwa Kiarabu ni kichwa, na vichwa hivi viwili vimekaa angani jirani kabisa, nyosha mkono uweke vidole vitatu katikati yao na nafasi inajaa.

Usiku wa kwanza mpaka wa tatu

Oktoba 14 ilikuwa siku ya kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru, Mwanza imejaa watu, magari hayatembei, tukachelewa kutoka mjini ila tukafika. Jua lilizama kama saa 12:40 jioni na ndani ya nusu saa kometi ikawa wazi juu ya maji, mkia umesimama, mpaka watoto wa kijijini wakaacha kupiga kelele. Mwezi ulikuwa mkubwa mgongoni kwetu. Tukapiga kometi, tukapiga Rasalhague, tukapiga Rasalgethi, tukarudi. Oktoba 16 hivyo hivyo.

Spektra za usiku hizo mbili zilikuwa za kukatisha tamaa. Kometi ilionyesha mwanga wa jua uliorudishwa na vumbi na basi. Ukiitazama ile mistari unaona jua limevaa koti la kometi. Sisi tulikuwa tunataka kaboni. Kila mtu aliyesoma kuhusu spektra za kometi anajua zile bendi za Swan, yaani mafungu ya mwanga unaotolewa na molekuli ya atomi mbili za kaboni, karibu na nanomita 473, 516 na 563, ndo zinazozipa kometi nyingi ule ukijani. Tulitaka pia sodiamu, pale 589, maana kometi zinazolisogelea sana jua huwa zinaitoa, na Hale-Bopp mwaka 1997 ilionekana hadi na mkia mzima wa sodiamu.

Usiku wa tatu ni Oktoba 21. Mwezi ulikuwa umepita mpevu na unachelewa kutoka, giza zuri, na kwa sababu hiyohiyo wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa gizani, nao walikuwa wameanza kurudi majini. Sisi na wavuvi wa dagaa tunagombania giza lilelile. Kometi ilikuwa imefifia, ila imepanda juu hadi jirani na zile Ras mbili.

Mpangilio wetu ulikuwa mizani kwanza, nyota ya kubadilika baadaye. Usiku huo wingu lilitoka upande wa nchi kavu likasimama karibu na Rasalhague, mpiga picha akaona isiwe tabu, akaanza na Rasalgethi, wingu liliposogea akapiga Rasalhague. Uamuzi wa busara kabisa, mtu yeyote angefanya hivyo. Kwenye faili akaandika kama siku zote: ras_a, ras_b. Herufi kwake ilimaanisha ya kwanza na ya pili. Kwangu ras_a ilimaanisha mizani. Hatukuwahi kukaa tukaulizana.

Matokeo matamu

Saa saba usiku niko mezani, feni inazunguka, nagawanya. Kometi ikatoka na nundu pale 516. Nyingine karibu na 476, nikasema hiyo ni 473 imesogea kidogo kwa sababu kichwa cha kometi sio nukta, kipimo kinaweza kuteleza. Nyingine inaanzia 585 kwenda juu, sodiamu hiyo. Na upande wa bluu wote umeinuka, kitu nilichojielezea mwenyewe kwamba vumbi limepungua gesi imezidi.

Kulikuwa na nundu nyingine pia, 495, 545, na moja kubwa 616. Hizo sikuziwekea alama kwenye picha niliyoituma. Sikuzificha, naapa, nilizipita tu, jicho lilikuwa limeshashiba.

Alafu nikafungua "nyota ya kubadilika", ikiwa bado mbichi. Meno ya msumeno hamna. Titani imepotea, yote, ndani ya siku tano. Nikakaa nyuma kwenye kiti moyo unadunda. Nyota ambayo inabadilika kwa miezi imevua nguo ndani ya siku tano na sisi wa Mwanza tumeiona! Saa nane kasoro nikatuma picha zote mbili kwenye kundi letu la WhatsApp na makundi mengine mawili makubwa, na maandishi ya kujisifu ambayo sitayarudia hapa. Kulipokucha kituo kimoja cha redio kilikuwa kimeshaomba tuje kuongea.

Kulikuwa na onyo moja nililiona na nikalijibu vibaya. Rasalhague inang'aa karibu mara tatu ya Rasalgethi. Usiku ule "mizani" yangu ilitoka hafifu kuliko nyota niliyokuwa naipima. Nikaandika kwenye daftari neno moja: wingu. Wingu lilikuwepo kweli, ndo maana jibu lilikaa vizuri.

Wavuvi wakasingiziwa

Asubuhi mtu mmoja kwenye kundi akauliza swali zuri, mna uhakika sodiamu hiyo sio ya taa? Badala ya kurudi kwenye faili nikakimbilia ziwani. Nikasema huenda kweli, usiku wa tatu ndo wavuvi walikuwa na taa, usiku mbili za kwanza hawakuwepo, basi taa zao zimeingia kwenye picha. Unaona inavyoshawishi? Kilichobadilika ni wavuvi, basi kosa ni la wavuvi.

Yule dada akasema tusibishane, twende tukazipige taa zenyewe. Jioni tukawa mwaloni, mitumbwi inapakiwa. Kuna mzee tulimkuta anafunga taa za LED kwenye maboya yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Nyie ndo wale wa nyota?"

Tukamweleza tunaomba kuipiga picha taa yake moja, imefunikwa na karatasi yenye tundu dogo. Akaiwasha, akaishika mwenyewe dakika nzima bila kutikisika kuliko traipodi yetu.

"Mmeacha nyota, mmehamia kwenye taa yangu," akasema. "Imewakosea nini?"

Haikuwa imetukosea kitu. Spektra ya LED ni nundu kali ya bluu karibu na 450 alafu mgongo mpana wa njano, hakuna hata jino moja pale 516 wala 589. Mzee akatuletea na karabai yake ya zamani iliyokuwa nyumbani, akaipampu, akaiwasha. Ile inatoa mwanga mfululizo, laini, kama kilima. Tukaacha vitu vyote viwili na samahani.

Kwa hiyo taa si taa, na mimi nikazidi kuamini kwamba tumegundua kitu. Hapa ndo pabaya kuliko mwanzo kwa maoni yangu. Nilikuwa nimeondoa sababu moja isiyo sahihi na nikahesabu hiyo kama ushahidi wa upande wangu.

Msumeno umeelekea wapi

Mwalimu alikuwa kimya siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, hakuniambia nimekosea, akaniuliza: "Hiyo nundu yako ya 516, upande upi umekatika wima na upande upi unateremka taratibu?"

Nikaangalia. Umekatika wima upande wa bluu, unateremka kuelekea nyekundu.

"Na bendi ya Swan inateremkia wapi?"

Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimekariri namba, 516 ni kaboni, nimemaliza. Mwalimu akaniambia sitaki nikuambie, nenda kaione mwenyewe, unalo jiko la gesi.

Jikoni

Sehemu hii naieleza kwa urefu kwa sababu yeyote mwenye gretingi anaweza kuifanya leo usiku na ni bure.

Tulifanyia kwa yule dada. Jiko la gesi la plate mbili, taa zote zimezimwa, moto umepunguzwa mpaka vikabaki vile vikoni vidogo vya bluu-kijani kuzunguka bana. Mbele ya moto tukasimamisha boksi lililokatwa mwanya mwembamba, kingo zake ni nyembe mbili zilizobandikwa kwa selotepu. Kamera ikakaa upande wa pili wa sebule, mita nne hivi. Gesi ya kupikia ni kaboni na haidrojeni, na kwenye kile kikoni molekuli zinavunjika na kuunda ileile kaboni mbili ya kwenye kometi. Njia kama hiyo ndo aliyopitia mwanaastronomia William Huggins mwaka 1868 alipotambua kwamba bendi za kometi zinafanana na za gesi yenye kaboni, sisi tulikuwa na nyembe na boksi la sabuni.

Picha ya kwanza tu ikatosha. Bendi ya 516 inaanza taratibu kutoka upande wa bluu, inapanda, inapanda, alafu pale 516 na nusu inakatika kama ukuta. Ukuta uko upande wa nyekundu. Ya 473 vilevile. Kinyume kabisa na nundu yangu.

Dada akachukua chumvi kwa kidole akairusha kwenye moto, moto ukawa wa njano, na pale 589 ukasimama mstari mmoja mwembamba kama uzi. Nundu yangu ya "sodiamu" ilikuwa pana kama nanomita 15. Akanitazama tu. Mama yake akapita akauliza nani anachezea chumvi.

Sasa nani ana meno yaliyokatika wima upande wa bluu na kuteremkia nyekundu? Oksidi ya titani. Vichwa vya bendi zake, yaani pale zinapokatika wima, viko karibu na 476, 495, 517, 545, 585 na 616. Ile 517 imekaa palepale pa kaboni, na ile 585 inafunika mahali pa sodiamu. Kwenye nyota hayo meno ni mashimo, mwanga umeliwa. Ukigawanya kitu kwa spektra yenye mashimo, kila shimo linageuka nundu. Na nyota nyekundu ukiifanya jiwe la mizani, kila unachopima kinaonekana cha bluu. Nundu zangu zote, zile nilizozisherehekea na zile nilizozipita, zilikuwa ni titani ya Rasalgethi imepinduliwa kichwa chini.

Nikampigia mpiga picha: usiku wa tatu ulianza na ipi? Akajibu bila hata kufikiri, nyekundu, si kulikuwa na wingu. Nikafungua ile "nyota ya kubadilika" iliyopoteza titani, na pale 486 kulikuwa na shimo zuri la haidrojeni linaloniangalia tangu Oktoba 21. Nyota ya daraja la A. Ilikuwa Rasalhague muda wote.

Tulivyoamua, na kilichotokea

Kulikuwa na mawazo mawili. La kwanza, turekebishe kimyakimya, tutume picha mpya tuseme "tumeboresha". Mpiga picha alikuwa upande huo, na simlaumu, jina lake ndo linalojulikana mjini na wateja wake wako kwenye makundi yale. La pili, tuseme wazi. Mwalimu alisema picha ya mwanzo imeshasambaa, watu wameihifadhi kwenye simu, kuna mwanafunzi ataitumia. Tukakubaliana kusema wazi ila bila kutaja nani aliandika jina la faili na nani alilisoma, na maandishi nikayaandika mimi kwa sababu mimi ndo niliyejisifu. Redio tukawaambia hatuji. Mtoa kipindi aliomba tuje tuongelee hilo kosa lenyewe, tukaogopa, tukakataa, na hapo nadhani tulikosea tena.

Kuchakata upya hakukuhitaji picha mpya hata moja, nilibadilisha faili mbili tu. Kometi ya Oktoba 21 ikarudi kuwa vumbi na mwanga wa jua, na pale 516 kuna kinundu kidogo kilichoelekea upande sahihi lakini kimezidi kelele za kamera, yaani chengachenga zake za kubahatisha, kwa kiasi ambacho siwezi kukiapia. Sodiamu hamna tunachoweza kukisimamia. Rasalgethi ikarudi na msumeno wake, uleule wa Oktoba 14, bila badiliko.

Watu wachache waliondoka kwenye kundi. Mmoja aliandika "tuliwaambia". Hakuwa ametuambia chochote, lakini haya.

Nini kilisaidia, nini kilituangusha

Majina ya faili ndo chanzo, hilo liko wazi, na siku hizi moja inaitwa hagu na nyingine geti, na kabla ya kupiga, mpiga picha anataja kwa sauti na mwingine anarudia. Lakini nikiwa mkweli jina la faili lingegharimu dakika 10 tu kama matokeo yangekuwa mabaya. Ningetafuta kosa usiku uleule. Sikutafuta kwa sababu yalitoka yale tuliyokuwa tunayataka, kaboni na sodiamu, na juu yake nyota iliyobadilika. Usiku mbili za kwanza zilizotoa vumbi tupu nilizikagua mara tatu tatu nikidhani nimekosea. Zilikuwa sahihi.

Kupiga taa za wavuvi ilikuwa kazi nzuri iliyofanywa kwa nia mbaya. Kipimo chenyewe kilikuwa safi, tunakitumia mpaka sasa, kila tukifika tunapiga taa moja kama rejea. Shida ni kwamba nilienda kutafuta mkosaji nje ya laptopu yangu, na mvuvi aliyewasha LED yuko mbali, hajui spektra ni nini, ni rahisi kumsingizia.

Kilichotuokoa ni umbo. Namba zilikubaliana nami zote, 516 kwa 517 kwa kifaa kama chetu huwezi kuzitenganisha, hata ungekuwa mwangalifu namna gani. Mwelekeo wa jino haukukubali. Na zile nundu za 495, 545 na 616 zilikuwepo tangu dakika ya kwanza, zingetosha peke yake, kama ningekaa kuuliza ni za nani.

Jambo moja sijalimaliza kichwani. Yule dada aliniambia baadaye kwamba alipoiona picha ya kwanza kwenye kundi alihisi haiko sawa, nundu ya 616 ilimsumbua, ila ilikuwa saa nane usiku, mimi nimeshaandika kwa furaha, watu wanapongeza, akaona ngoja. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia hata asubuhi. Akasema, "Ulikuwa umeshaanza kuwataja wavuvi."

Mwezi Novemba giza liliporudi tulienda tena, kometi haionekani tena kwa macho na Rasalgethi imeshuka karibu na maji. Mzee alikuwa pale anafunga maboya. Hakungoja salamu, akachukua taa moja, akaifunika na karatasi yetu yenye tundu aliyokuwa ameihifadhi, akatunyooshea.